Kutetea Uhai wa Mama na Mtoto Kwenye Halmashauri Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa wajumbe wa kamati za vituo, viongozi wa vikoba, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, madiwani wapya wa viti maalum, na vijana waliorudi nyumbani baada ya chuo wakakuta shangazi zao bado wanajifungulia kwa mwanga wa tochi. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara, kwenye mfumo wa halmashauri. Zanzibar ina wizara yake ya afya na taratibu zake. Kenya na Uganda zimeingia pale zilipo na la kutufundisha.

Mtetezi anafanya nini ambacho nesi au daktari hafanyi?

Nesi anamhudumia mama aliye mbele yake. Mtetezi anashughulika na yale yaliyoamuliwa miezi mingi kabla mama huyo hajafika: kama jokofu lilitengewa fedha ya matengenezo, kama zamu ya usiku ina mtu mmoja au wawili, kama gari la wagonjwa lina mafuta. Hayo huamuliwa vikaoni, na watu wenye kalamu. Kazi yako ni kuwamo kwenye vikao hivyo, au kuwa na mtu wako ndani, mkiwa na ombi moja linaloeleweka. Halafu unarudi kuuliza limefikia wapi.

Fulana na maandamano vina nafasi yake. Ila nimeona maadhimisho mengi yakiisha kwa picha ya pamoja huku bajeti ya wilaya haijaguswa hata shilingi.

Sina taaluma ya afya. Nani atanisikiliza?

Utasikilizwa ukijua unachokisema. Mtafute mkunga mstaafu, hakuna kata isiyo na mmoja. Huyo anajua partografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa mama, ni nini, anajua rejista ya wodi ya wazazi inavyosomwa, na anajua kituo kilikuwaje kabla ya wote waliopo sasa kuajiriwa. Kwa kazi hii nampa thamani kuliko mshauri elekezi yeyote wa kutoka mjini.

Kuna mfano wa mtu aliyebadili hali bila kusubiri mabilioni?

Upo, na ni wa hapa hapa kwetu. Dk. Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma, miaka ya 1980, wakati uchumi wa nchi ulikuwa umekaa vibaya na Kigoma yenyewe ilikuwa mbali na kila kitu. Alianza kwa kupitia mafaili ya akina mama waliofia hospitalini kati ya 1984 na 1986 na kuuliza, kwa kila mmoja, ni kitu gani kilikosekana na nani alipaswa kukifanya. Majibu yakazaa hatua 22 za kuchukua. Nyingi zilihusu uwajibikaji wa watumishi, kukaa pamoja kutatua tatizo, na kutumia kilichopo mkoani badala ya kungoja shehena kutoka nje.

Kufikia 1991 vifo vya akina mama hospitalini hapo vilikuwa vimeshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo aliyaandika yeye na mtafiti mwenzake Staffan Bergström mwaka 1995, na wasomi wa afya ya uzazi wameyarejea tangu hapo. Baadaye Dk. Mbaruku alihamia Taasisi ya Afya Ifakara, akaendelea na jambo lile lile: vituo vya afya vya vijijini viweze kupasua, na madaktari wasaidizi wapewe mafunzo ya kufanya hivyo. Alifariki 2018.

Kinachonivutia kwenye kisa hiki ni pale alipoanzia. Hakuanza na semina, alianza na faili la marehemu, na hakumtafuta wa kumfunga. Leo kikao cha mapitio ya vifo vya kina mama na watoto wachanga ni utaratibu wa nchi nzima. Wewe raia hutaingia humo, kwa sababu kuna siri za wagonjwa. Lakini una haki ya kuuliza: kikao kilikaa lini, kilipendekeza nini, na lipi limetekelezwa?

Takwimu gani nitumie? Wengine wanasema 556, wengine 104.

Zote mbili ni za vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi, na zimetoka kwenye Utafiti wa Demografia na Afya: 556 ni ya 2015/16 na 104 ni ya 2022, kwa kila vizazi hai 100,000. Kabla yake kulikuwa na 578 ya 2004/05 na 454 ya 2010. Mstari unashuka, unapanda, kisha unaporomoka.

Kabla ya kusimama na namba yoyote jukwaani, fahamu inavyopatikana. Wadadisi wanaingia kwenye kaya na kuuliza watu kuhusu dada zao: wako hai? Kama wamefariki, ilikuwa wakati wa ujauzito, wa kujifungua, au muda mfupi baadaye? Vifo vinavyonaswa kwa njia hiyo ni vichache, hivyo kila namba ina nafasi kubwa ya kupanda au kushuka, na inazungumzia miaka kadhaa iliyotangulia utafiti. Umoja wa Mataifa hukokotoa kwa njia nyingine, na makadirio yake kwa Tanzania yamekaa juu ya mara mbili ya 104. Ushauri wangu: taja namba, taja mwaka, taja chanzo, kisha songa mbele. Ukianza kubishana na mganga mkuu kuhusu namba ipi ni sahihi, kikao kitaisha na ombi lako halijasomwa.

Namba ambayo mimi ningeibeba ni nyingine kabisa. Kati ya 2015/16 na 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wa siku 28 za kwanza, vilitoka 25 vikafika 24. Yaani akina mama wametii wito wa kwenda kituoni, na kichanga bado anafariki karibu kwa kiwango kile kile. Lengo la dunia kwa 2030 ni 12. Peleka hilo kwenye baraza la madiwani na uliza: kwetu, mtoto akizaliwa hapumui, nani yuko zamu na ana kifaa gani mkononi?

Jibu la swali hilo lipo. Kazi iliyofanyika kwenye hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambayo matokeo yake yalichapishwa 2025, iliwawezesha wakunga kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini kwa kutumia mwanasesere wa mafunzo. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kwa takriban asilimia 40. Mazoezi yalifanyika wodini, bila mtu kuitwa hotelini wala kulipwa posho ya siku tano.

Akina mama wanafariki kwa sababu gani hasa?

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba na shinikizo la damu, maambukizi, uzazi pingamizi, na utoaji mimba usio salama. Nyuma ya sababu hizo za kitabibu kuna ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Watetezi wengi huishia kwenye ule wa kwanza, kwa sababu ni rahisi kuwahubiria akina mama. Ule wa tatu ndio unaowagusa wenye bajeti, na ndio unaohitaji kiongozi.

Chukua damu. Sindano ya oksitosini hukaza mfuko wa uzazi na kuzuia mama asimwage damu. Inatakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Zahanati ambayo umeme wake unakatika na jokofu lake halina mtu wa kulitazama inaweza kuwa na kichupa cha dawa chenye jina sahihi na tarehe sahihi, lakini dawa yenyewe imeshapungua nguvu. Nesi anachoma, damu haikomi, na baadaye kijijini inasemwa mama alichelewa. Kwa hiyo ukitembelea kituo, baada ya salamu, omba kuoneshwa karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. Ikiwa imejazwa asubuhi na jioni hadi leo, uko mahali pazuri. Ikiwa imejazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na namba ni 5, 5, 5 mwezi mzima, umepata ajenda.

Kuna jambo jipya pia. Kwa miaka mingi damu ilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, hasa usiku. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo, linalowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Damu ikifikia kipimo cha hatari, hatua zote zinachukuliwa kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, traneksamiki asidi (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kumkagua mama kujua damu inatoka wapi. Matokeo mabaya ya kutokwa damu, yaani kumwaga damu nyingi sana, kupasuliwa kwa sababu hiyo, au kifo, yalipungua kwa asilimia 60. Kipande cha plastiki! Uliza kama kituo chenu kinacho.

Tuombe nini? Barua zetu huwa tunaandika “kuboresha huduma za afya”.

Na majibu yake huwa “ombi lenu limepokelewa”. Ombi zuri linaweza kuhakikiwa na mtu asiyejua chochote: kipo au hakipo.

Mfano mzuri ni kampeni ya Wajibika Mama Aishi ya Muungano wa Utepe Mweupe (White Ribbon Alliance), mtandao wa watetezi wa uzazi salama uliokuwa ukiratibiwa na mkunga Rose Mlay. Serikali yenyewe ilikuwa imeandika kwenye mpango mkakati wake kwamba kufikia 2015 nusu ya vituo vya afya viwe na huduma kamili za dharura ya uzazi, yaani upasuaji na damu. Watetezi hawakutunga dai jipya. Walichukua ahadi iliyokwishasainiwa, wakaenda Rukwa kuhesabu vituo vinavyotoa huduma hiyo, wakakuta pengo kubwa, wakakusanya maelfu ya saini. Mwaka 2014 maadhimisho ya Siku ya Utepe Mweupe yakafanyika Sumbawanga, mbele ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ambaye naye ni mwana wa ukanda huo. Swali lilikuwa moja: lini?

Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilijenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya ili viweze kupasua. Sitasema ni kampeni moja iliyoleta hayo, kulikuwa na mikono mingi. Ninachosema ni kwamba ombi lilikuwa tayari mezani, lina jina na lina kipimo, siku fedha zilipopatikana.

Maombi ya ngazi yenu yanaweza kuwa: mkunga wa pili zamu ya usiku, jenereta na fungu la mafuta yake, chumba cha mama ngojea kwa wanaotoka mbali, kona ya watoto njiti yenye viti ambapo mama anaweza kukaa na mtoto kifuani, makubaliano ya maandishi na Mpango wa Taifa wa Damu Salama kuhusu chupa ngapi zinafika kila mwezi. Chagueni moja. Mkienda na kumi, mtapewa lile la bei rahisi kuliko yote.

Ombi nimpelekee nani, na lini?

Hapa ndipo wengi tunapopotea, nitaeleza kwa urefu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Lakini mpango wa kituo huanza kuandikwa mwishoni mwa mwaka wa kalenda uliotangulia, kisha unaunganishwa kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ambao maofisini wanauita CCHP. Baraza la madiwani hupitia na kupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge la bajeti la Aprili hadi Juni. Ukifika Mei na bango lako, kila kitu kimeshafungwa na watakupokea kwa tabasamu. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yako.

Mlango wa kwanza ni Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Tangu 2017/18 sehemu ya fedha za afya inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo, na kamati hii, yenye wawakilishi wa wananchi, ina sauti juu ya matumizi yake. Lakini kwenye vijiji vingi hakuna anayejua wajumbe ni nani. Nafasi hutangazwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, zinajazwa na watu wale wale. Omba nafasi. Ni kazi ya kuchosha isiyo na posho ya maana, na kwa maoni yangu ndiyo nafasi yenye uzito kuliko zote kwa mtu anayetaka kuongoza jambo hili.

Mlango wa pili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Likisemwa pale na kuandikwa kwenye muhtasari, linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata likiwa na miguu.

Mlango wa tatu ni diwani. Siyo diwani wako peke yake, bali pia aliye kwenye kamati ya kudumu inayoshughulikia elimu, afya na maji. Diwani anaweza kupeleka swali la maandishi kwenye baraza, na mkurugenzi lazima ajibu. Mwandikie swali lenyewe, usimwachie atunge. Kwa mfano:

“Kwa kuwa kituo chetu cha afya kilikabidhiwa jengo la upasuaji, na kwa kuwa hadi leo hakijafanya upasuaji hata mmoja wa uzazi, je, Mkurugenzi anaweza kulieleza Baraza ni mtumishi gani au kifaa gani kinachokosekana, na kimetengewa kiasi gani katika rasimu ya bajeti ya mwaka ujao?”

Swali kama hilo halimtukani mtu na halikwepeki. Kabla halijasomwa, nenda kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na Mratibu wa Huduma za Afya ya Uzazi na Mtoto, uwaambie linakuja. Mara nyingi utakuta wao wenyewe wameliomba hilo jambo miaka mitatu na kila mara limekatwa. Watafurahi kupata mtu wa kulisema kwa sauti, maana wao ni watumishi na kuna mambo hawawezi kuyasema.

Wanasema bajeti haitoshi.

Huenda ni kweli. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi zilizofika huko ni za kuhesabu. Lakini usiondoke bila kuuliza mambo mawili: mwaka uliopita afya ilipata kiasi gani kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, na kulikuwa na bakaa ya kiasi gani Juni 30? Fedha iliyobaki bila kutumika kwenye halmashauri inayosema haina fedha hufungua mazungumzo haraka sana.

Huduma ni bure. Mbona tunaambiwa twende na glovu, wembe, pamba na mpira wa kulalia?

Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo. Haikuweka bayana nani anakilipa kituo kwa kila mama anayehudumiwa bure. Vifaa vikichelewa kutoka Bohari ya Dawa, gharama inamwangukia mama. Nesi wa zamu hana la kufanya, ukimfokea yeye umemfokea mtu asiye na stoo.

Kenya ilipitia hili kwa kasi. Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kujifungua bure kwenye hospitali za umma. Akina mama wakafurika, watumishi na vitanda vikabaki vile vile. Baadaye ukaja Linda Mama, ambapo bima ya taifa ililipa kituo kwa kila uzazi, na 2024 ukabadilishwa kuwa Linda Jamii chini ya mamlaka mpya ya afya ya jamii. Funzo ni kwamba neno “bure” lidaiwe pamoja na jina la anayelipa.

Kwa vitendo: waombeni akina mama waliojifungua karibuni wataje walichonunua na bei. Majina yao yasiwepo. Orodha hiyo ipelekwe kwenye kamati ya kituo, sio kwenye mitandao, angalau mara ya kwanza.

Nesi amemtukana mama wodini. Tuanze na nani?

Jambo hili si dogo. Kati ya 2018 na 2019 Muungano wa Utepe Mweupe na washirika wake waliwauliza wanawake milioni 1.2 katika nchi 114 wanataka nini kwenye huduma ya uzazi. Jibu la kwanza lilikuwa kuheshimiwa na kutunzwa kiutu. La pili lilikuwa maji na usafi. Mama aliyetukanwa mara moja, mimba inayofuata atajifungulia nyumbani, na atawaambia na wifi zake.

Anza na mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, ukieleza tukio, siku na saa. Asipojibu, nenda kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo kwa makosa ya kitaaluma. Wakati huo huo uliza swali la pili: nesi huyo alikuwa peke yake na akina mama wangapi, na ameingia zamu tangu lini? Kuuliza hivyo hakufuti kosa. Kunakusaidia ujue kama unadai adhabu, au mtumishi wa pili, au vyote viwili.

Tunaweza kwenda mahakamani?

Majirani wamefanya hivyo. Uganda, CEHURD, kituo kinachotetea haki za afya, na familia za wanawake wawili waliofariki wakijifungua walifungua Shauri Namba 16 la 2011 kwenye Mahakama ya Katiba. Mwaka 2012 likatupwa kwa hoja kwamba ni suala la kisiasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru lisikilizwe. Agosti 2020 hukumu ikatoka: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kunavunja katiba, fidia ilipwe, na bajeti ya mwaka unaofuata iweke fedha za kutosha. Kenya, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013 na kudhalilishwa na wauguzi.

Ushindi upo, lakini tazama miaka. Shauri la Uganda lilichukua zaidi ya tisa. Wakati wakili anapambana, mtu mwingine lazima abaki na jokofu, zamu ya usiku na mafuta ya jenereta.

Usiku hakuna gari. Tufanyeje?

Piga 115, bila malipo. Ni namba ya mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kuanzia 2013 na kuzinduliwa kitaifa 2022. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa eneo hilo, na nauli yake analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Kazi yenu ni ndogo na muhimu: hakikisheni kila kitongoji kinaijua namba hiyo, na kata yenu ina madereva waliosajiliwa wa kutosha. Kama kijiji hakina mtandao wa simu, hilo nalo ni ombi la afya.

Wanaume, viongozi wa dini na wakunga wa jadi waingie wapi?

Wanaume waingie kama wenye ng'ombe, wenye ardhi na wenye kura, maana uamuzi wa kuuza mbuzi ili mke apelekwe hospitali mara nyingi uko kwao. Kumlazimisha mama aje kliniki na mume ndipo ahudumiwe ni kumwadhibu mama kwa kosa la mwingine, msilikubali. Shehe na mchungaji wana mkutano kila wiki ambao wewe huna. Mkunga wa jadi msimfanye adui, anajua nani ana mimba kabla ya kituo kujua. Apewe kazi ya kusindikiza na heshima yake.

Naweza kutumia picha au kisa cha mama aliyefariki?

Kwa ridhaa ya maandishi ya familia, iliyotolewa bila haraka ya msiba, na baada ya kuwaeleza kitasomwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Na hata ukipewa ridhaa, jiulize watoto wake watakapokuwa wakubwa watajisikiaje wakikiona. Mara nyingi unaweza kueleza mlolongo mzima, saa kwa saa, bila jina wala kijiji, na diwani akaelewa vizuri tu.

Utetezi umewahi kubadili sheria?

Ndiyo. Sheria ya Ajira ya 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa mapacha. Aliyejifungua njiti alimaliza likizo mtoto bado yuko hospitalini au ndiyo kwanza ameruhusiwa. Taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na wengine walilisema hilo mwaka baada ya mwaka, kwa mawaziri, kwa wabunge, na kwa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2025 sheria ikarekebishwa, mama wa njiti akaongezewa muda. Mkulima na mama lishe hawana likizo ya kuongezewa, hivyo kazi kwao bado ipo.

Kampeni za viongozi wakubwa zina faida?

Zina faida ukizitumia. Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa Kenya wakati huo, alianzisha kampeni ya Beyond Zero mwaka 2014 na kukimbia marathoni ya London kuitafutia fedha, kliniki zinazotembea zikapelekwa kaunti mbalimbali. Hapa kwetu, Jiongeze Tuwavushe Salama ilizinduliwa 2018 na Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, wakuu wa mikoa wakasaini ahadi za kupunguza vifo. Ahadi zilizosainiwa ni mali yako kama raia: ziulizie mkoani kwenu. Na kiongozi akitekeleza, mpe sifa hadharani. Haikugharimu kitu, na mwakani utamhitaji tena.

Lazima tusajili asasi?

Kikundi cha kijamii husajiliwa halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Ila kuuliza swali kwenye mkutano wa kijiji hakuhitaji cheti.

Wafadhili wameondoka. Tunaendeleaje?

Misaada mingi ya Marekani ilisimamishwa mwanzoni mwa 2025, na vituo vingi vilihisi. Orodhesheni kilichokuwa kikilipwa na mradi kwenye kituo chenu: mshahara wa nani, mafuta ya nani, vipimo gani. Hiyo ndiyo orodha ya kupeleka kwenye CCHP, Oktoba.

Tumepata chumba cha upasuaji. Kazi imeisha?

Rudi baada ya miezi mitatu uulize vitu hivi: kuna mtaalamu wa usingizi, au chumba kimefungwa kwa kukosa mtu wa kumlaza mama? Kuna damu kwenye jokofu, makundi yote? Mashine ya kuchemshia vifaa inafanya kazi? Jenereta lina mafuta leo, na nani ana ufunguo wa stoo saa nane usiku? Upasuaji wa kwanza ulifanyika tarehe ngapi, na wa mwisho tarehe ngapi? Kama tarehe ya mwisho ni ya zamani, andika swali lingine kwa diwani.